Gauni kwenye vyuma: picha za mitindo na watu waliotoka kwao mbio



Kwenye kikundi chetu ubishi haujaisha. Mafundi cherehani wetu wamemaliza nguo zao, na vijana wa kamera wanataka kuzipigia picha kule kwa mafundi wa kuchomelea, katikati ya vyuma chakavu, mapipa na ile mashine ya kusaga iliyokufa siku nyingi. Nusu yetu wanasema picha zitakuwa kali. Nusu wanasema hapana, hiyo ni kazi ya wageni: wanakuja, wanaona kutu yetu ni pambo, wanapiga, wanaondoka. Pande zote mbili zina hoja. Mimi nimeona nilete historia mezani, kwa sababu tabia ya kumsimamisha mtu aliyevaa nguo ya bei mbaya mbele ya chuma na masizi haikuanza leo. Na kitu kimoja kilinishtua nilipokuwa nasoma: wengi walioijenga walikuwa watu kama sisi, yaani waliotoka kwao mbio, na wengine wao walilala kambini.

Zamani picha za mitindo zilikuwa za ndani. Kamera zilikuwa kubwa, zimekaa juu ya miguu mitatu, na filamu zilikula mwanga mwingi. Mwanamke alisimama studio, mkono kiunoni, nyuma yake pazia au nguzo ya kuigiza, na alitakiwa atulie kama sanamu. Halafu zikaja kamera ndogo. Leica iliingia sokoni mwaka 1925, Rolleiflex mwaka 1929. Mtu akaweza kutembea na kamera yake barabarani, akapiga kitu kinachokimbia.

Aliyeipeleka mitindo nje kwa kishindo alikuwa Martin Munkácsi, Myahudi wa Hungary, mpiga picha za michezo. Mwaka 1933 mhariri wa Harper's Bazaar, mama mmoja anaitwa Carmel Snow, alimpa kazi ya kupiga picha vazi la kuogelea. Munkácsi hakutaka studio. Alimpeleka mwanamitindo, Lucile Brokaw, ufukweni Long Island karibu na New York, akamwambia akimbie. Basi. Mwanamke anakimbia, joho linapepea nyuma yake. Leo tunaona kawaida, lakini kabla ya hapo mwanamke kwenye jarida la namna hiyo hakimbii. Mwaka uliofuata Munkácsi alihamia Marekani moja kwa moja, maana Ujerumani alikokuwa akifanya kazi ilikuwa imeshashikwa na Hitler. Mlango wa studio ukawa umefunguliwa, na uliofunguliwa haukufungwa tena.

Sasa nije kwa mtu ninayempenda zaidi katika habari hii, Erwin Blumenfeld.

Alizaliwa Berlin mwaka 1897, naye Myahudi. Kwenye vita vya kwanza vya dunia aliendesha gari la kubeba majeruhi upande wa Ujerumani. Baadaye akahamia Amsterdam, akafungua duka la mikoba na vitu vya ngozi. Nyuma ya duka akakuta chumba cha giza cha kusafishia picha, akaanza kuwapiga picha wateja wake wa kike. Biashara ikafa mwaka 1935. Mwaka 1936 akaenda Paris na kamera yake, na muda si mrefu Vogue ya Ufaransa ikamfungulia mlango.

Mei 1939 ikatoka picha yake ambayo hata wewe huenda umeiona bila kujua ni ya nani. Mwanamitindo Lisa Fonssagrives, Mswidi, yuko juu kabisa kwenye Mnara wa Eiffel. Ameshika chuma kwa mkono mmoja, mwili umetoka nje, na mkono mwingine umelitandaza gauni la Lucien Lelong kama bawa. Chini yake Paris yote.

Tuseme kitu kuhusu ule mnara. Sisi tunaujua kama nembo ya mapenzi, unachorwa mpaka kwenye mabegi ya shule. Lakini wenyewe ni kazi ya kiwandani. Ni vipande vya chuma zaidi ya 18,000 vilivyotengenezwa karakana na kufungwa kwa ribiti zipatazo milioni 2.5, kama daraja lililosimamishwa wima. Mwaka 1887, ulipoanza kujengwa, waandishi na wasanii wakubwa wa Paris waliandika gazetini kuupinga. Kwao chuma kilikuwa kitu cha stesheni na bomba la moshi, hakikustahili kusimama mbele ya macho ya watu wastaarabu. Miaka hamsini baadaye Blumenfeld anaweka hariri juu ya chuma hicho hicho, na watu wanaona uzuri. Kilichobadilika ni macho tu.

Na yeye je? Vita vilianza Septemba mwaka ule ule. Kwa Wafaransa, Blumenfeld alikuwa Mjerumani, kwa hiyo adui. Kwa Wajerumani alikuwa Myahudi, kwa hiyo adui. Wangapi hapa mnaijua hesabu hiyo, ambapo kila upande unasoma karatasi zako na kila upande unakukataa? Mwaka 1940 alifungiwa kwenye kambi za Ufaransa, kambi baada ya kambi, mojawapo ikiwa Le Vernet kule kusini karibu na milima ya Pyrenees. Mwaka 1941 alipata meli pamoja na mke na watoto. Wakakwama Morocco, wakawekwa kambi nyingine huko, ndipo wakafika New York. Mtu ambaye picha yake ilikuwa mezani kwa matajiri wa Paris alipita seng'enge kabla ya miaka miwili kwisha. Si yeye peke yake. Helmut Newton, ambaye baadaye alisifika kwa kupiga mavazi kwenye barabara za usiku, alikimbia Berlin mwaka 1938 akiwa kijana wa miaka 18, akafika Singapore, na Waingereza wakamsafirisha hadi Australia kufungwa kambi ya Tatura. Alipotolewa alifanya kazi ya kuchuma matunda.

Kwa hiyo mtu akiniambia picha za mitindo ni mambo ya watu wasioijua shida, mimi namwomba asome kwanza.

Lakini nisiwapake wote mafuta. Wakati Blumenfeld anatoroka, London ilikuwa inapigwa mabomu. Mwaka 1941 Cecil Beaton, Mwingereza, alimsimamisha mwanamitindo aliyevaa suti safi katikati ya vifusi vya mtaa wa Temple. Dada ametupa mgongo, anatazama kuta zilizobomoka. Vogue waliipa kichwa kinachosema kwamba mitindo haivunjiki. Nchi ilikuwa vitani na ilihitaji kusikia hivyo. Mimi naielewa, ila inanipa mashaka kidogo, maana suti haikupigwa bomu. Nyumba ndiyo ilipigwa, na chini ya vifusi kama vile kulikuwa na watu.

Mahali pakijibu huwa namna gani? Tunajua, kwa sababu kuna siku palijibu.

Ni Paris, mwaka 1947. Christian Dior ameonyesha mavazi yake ya kwanza tarehe 12 Februari: kiuno kimebanwa, sketi pana mpaka chini, gauni moja linaweza kula zaidi ya mita kumi za kitambaa. Yule yule Carmel Snow ndiye aliyeyapa jina la New Look, yaani sura mpya. Sawa. Lakini vita vilikuwa vimeisha juzi tu. Mkate ulikuwa bado wa kadi. Nyie mnaojua kadi ya mgao, mnaojua kupanga foleni tangu alfajiri na kuambiwa mwezi huu unga umepunguzwa, hebu jiwekeni kwenye foleni ile. Halafu mtu anaamua kuwapeleka wanamitindo wa Dior kupigwa picha barabara ya Lepic, Montmartre, kwenye soko la mtaani. Wazo lilikuwa lile lile la siku zote: nguo tajiri, mahali pa watu wa kawaida, tofauti itaipa picha nguvu.

Akina mama wa soko waliwavamia. Walimshika mwanamitindo, wakamvuta nywele, wakalichana gauni. Tukio lenyewe lilipigwa picha na picha zipo: wanawake wa makamo wamevaa makoti ya kazi, wamekunja uso, na katikati yao dada mwenye nguo zilizochanika anajaribu kujifunika.

Mimi nawahurumia wote. Yule dada alikuwa kazini tu, hakuichagua barabara. Na wale mama hawakuwa washamba wasiojua urembo. Waliijua bei ya kitambaa vizuri kuliko aliyewapiga picha, kwa sababu walikuwa wakigeuza makoti ya zamani kuyashona upya. Walichokataa ni kugeuzwa pazia. Waliona foleni yao imekuwa mapambo ya nyuma kwa ajili ya kuuza kitu ambacho wao hawatakigusa, na hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo penye ubishi wetu wote, ukiuangalia vizuri. Kila picha ya namna hii ina watu wa mbele na watu wa nyuma. Swali ni nani alichagua pale.

Sasa Peter Lindbergh. Ukitaja mitindo na kiwanda kwa pamoja, jina lake huja la kwanza, na maisha yake yanaanza kama ya wengi wetu. Alizaliwa Novemba 1944 katika mji wa Leszno, nchi ya Poland ambayo Wajerumani walikuwa wameikalia. Familia yake ilikuwa ya Kijerumani. Miezi michache baadaye jeshi la Kisovieti lilisogea, wakakimbia, yeye akiwa mtoto wa mgongoni. (Najua, Wajerumani ndio walioivamia Poland. Mtoto wa miezi miwili hakuivamia nchi yoyote.) Wakaishia Rheinhausen, kando ya mto Rhine, mji ambao leo ni sehemu ya Duisburg. Rheinhausen ilikuwa Krupp na Krupp ilikuwa Rheinhausen: matanuru ya kuyeyusha chuma, mabomba ya moshi, reli, nguo za kuanika zinazogeuka kijivu kabla hazijakauka. Kijana aliacha shule mapema, akafanya kazi ya kupamba madirisha ya maduka makubwa ya nguo. Baadaye akasoma sanaa, akawa msaidizi wa mpiga picha, na mwaka 1978 akahamia Paris.

Alipofika juu, akiwa na uwezo wa kupiga picha mahali popote duniani, alirudi kwenye chuma. Ngazi za chuma, kuta za matofali meusi, nyaya, kamera yenye filamu nyeusi na nyeupe. Mwenyewe alieleza kwamba taswira za utotoni hazikumtoka: viwanda upande mmoja, na upande mwingine fukwe za Uholanzi alikopelekwa likizo. Kazi zake nyingi ni moja kati ya hizo mbili.

Vijana wa kamera, hapa kuna somo la ufundi pia. Kiwanda cha zamani kina madirisha makubwa juu, na vioo vyake vina vumbi la miaka. Mwanga unaopita humo unalainika wenyewe, kama umetundika shuka jeupe mbele ya jua. Kutu na masizi havirudishi mwanga, vinaumeza. Ngozi ya mtu na kitambaa cha hariri vinaurudisha. Kwa hiyo bila taa yoyote uso unatoka mbele na nyuma panazama. Halafu kuna ukubwa: mtu kando ya mashine yenye urefu wa nyumba anaonekana mdogo, na akisimama wima bila woga anaonekana mkubwa kuliko mashine. Lindbergh alilijua hilo mwilini, hakulisoma popote. Pia hakupenda kusafisha picha. Makunyanzi aliyaacha, madoa aliyaacha, na alipigana na majarida juu ya tabia ya kuzifuta nyuso za wanawake mpaka zisiwe na maisha.

Katika miaka ya 1980 alipiga picha nyingi kwa ajili ya Comme des Garçons, nyumba ya mitindo ya Rei Kawakubo wa Tokyo. Kawakubo alizaliwa mwaka 1942, utoto wake ni Japani iliyoungua. Alipoanza kuonyesha Paris mwaka 1981, na miaka iliyofuata akaleta sweta zenye matundu na nguo nyeusi zisizo na kiuno, baadhi ya waandishi wa Ulaya walimcheka: ati ni matambara, ati ni mavazi ya watu walionusurika bomu la atomiki. Walidhani wanatukana. Ona sasa watu wawili, mmoja amekulia majivuni Japani na mwingine amekulia kwenye moshi wa Krupp, wanakutana kutengeneza picha. Hawakuhitaji kuelezana mengi, nadhani.

Mojawapo inajulikana kwa majina ya waliomo: Michaela Bercu, Linda Evangelista na Kirsten Owen, Pont-à-Mousson, 1988. Pont-à-Mousson ni mji wa kiwanda mashariki mwa Ufaransa, wanatengeneza mabomba ya chuma tangu karne ya kumi na tisa. Jina la mji huo limeandikwa kwenye mifuniko ya chuma katikati ya barabara za nchi nyingi zilizotawaliwa na Wafaransa, watu wanalikanyaga kila siku.

Na huo mwaka 1988, kule kwao Rheinhausen kulikuwa na nini? Mwishoni mwa 1987 Krupp walitangaza kukifunga kiwanda. Wafanyakazi kwa maelfu wakagoma, wakafunga barabara, wakakalia daraja la mto Rhine, wake na watoto wakajiunga. Mapambano yalichukua miezi. Daraja hilo likapewa jina la Daraja la Mshikamano na mpaka leo linaitwa hivyo. Kiwanda kilifungwa moja kwa moja mwaka 1993. Sisemi kwamba Lindbergh alipiga picha za mitindo ili kuwasaidia wagomaji. Hakufanya hivyo, na tusimzulie. Ninachosema ni kwamba chuma kilipokuwa kinaingia kwenye majarida kama urembo, kilikuwa kinatoka kwenye sahani za watu kama chakula. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Kiwanda kikiwa hai hakina nafasi ya mwanamitindo, kuna kelele na joto na watu wana zamu. Kikifa ndipo kinakuwa kizuri. Upande wa pili wa Duisburg, kiwanda cha chuma cha Meiderich kilifungwa mwaka 1985, kikageuzwa bustani ya umma, na matanuru yake sasa ni mahali watu wanakwenda kutembea na kupiga picha.

Kwa hiyo hata Lindbergh simvalishi kanzu nyeupe. Tunajua majina ya wanawake watatu, tunajua mbunifu, tunajua mji. Waliokuwa wakiendesha zile mashine hatuwajui. Lakini tofauti yake na wengine ni kwamba aliyeshika kamera alikuwa mtoto wa mahali kama pale. Inaonekana. Mashine zake hazichekeshi na wala haziombi huruma.

Linganisha na kilichotokea mwaka 2008. Vogue ya India, toleo la Agosti, ilichapisha kurasa za vitu vya anasa vikiwa mikononi mwa watu maskini. Mtoto mchanga na kitambaa cha kifuani cha Fendi cha dola 100 hivi. Mzee asiye na meno, miguu peku, anashika mwavuli wa Burberry wa dola 200 hivi. Familia juu ya pikipiki, mama amening'iniza mkononi mkoba wa Hermès ambao kwa kawaida bei yake inapita dola 10,000. Na maelezo ya chini ya picha? Mwavuli umetajwa kampuni yake. Mkoba umetajwa. Watu hawakutajwa majina. Wahindi wenyewe walilalamika, mhariri akajibu kwamba watu wasikaze sana, mitindo ni mitindo.

Mimi nasema pale kosa halikuwa umaskini kuonekana. Umaskini upo, usifichwe. Kosa liko kwenye maelezo ya chini ya picha.

Na hapa niwageukie kidogo ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma. Mnatupiga picha nyingi. Bomba la maji lina jina la mfadhili, turubai lina nembo, hema lina nembo. Aliyekinga maji ameandikwa "mkimbizi wa kike akiteka maji". Hatusemi mna nia mbaya, na tunajua kuna wakati jina linafichwa kwa usalama wa mtu, hiyo tunaelewa na tunashukuru. Lakini muulizeni basi. Wengine wangependa kuandikwa.

Wakongomani wenzangu mlikuwa mnasubiri niwataje masapeur, haya. Mwaka 2009 Mwitaliano Daniele Tamagni alitoa kitabu cha picha za mabwana wa Bacongo, Brazzaville: suti ya rangi ya waridi, kofia, sigara, na nyuma yao barabara ya vumbi na ukuta wa matofali. Paul Smith wa London akazipenda mpaka akashona mavazi kwa kuzifuata. Kwa juu juu zinafanana na zile za India, nguo ghali mahali pa shida. Lakini sapeur nguo ni yake. Amejinyima ili ainunue. Barabara ni yake, majirani wanamjua na wanamshangilia kwa jina, na ameivaa hata kama Tamagni asingekuja. Mpiga picha amekuta jambo linaendelea. Kwa mizani yangu hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo maana kwenye ubishi wetu naunga mkono kwenda kwa wachomeleaji, kwa masharti: tuwaulize kwanza, wakatae wakitaka, wasimame mbele wakipenda na nguo zao za kazi, na majina yao yaandikwe sawasawa na ya mafundi cherehani na wanamitindo. Kama siku hiyo wana kazi ya mteja, tusubiri.

Mmoja wa mwisho. Adut Akech Bior, familia yake ya Sudan Kusini, alizaliwa siku ya Krismasi 1999 na akakulia Kakuma, kabla ya kuhamia Australia na mama yake akiwa mtoto wa miaka saba hivi. Walioko Kakuma hawahitaji kuambiwa zaidi. Toleo la Septemba 2019 la Vogue ya Uingereza lilikuwa na wanawake kumi na watano kwenye jalada, na Adut ni mmoja wao. Aliyewapiga picha ni Peter Lindbergh. Mtoto aliyebebwa kutoka Leszno na mtoto wa Kakuma, kamera moja katikati yao. Lindbergh alifariki tarehe 3 Septemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 74.

Jalada hilo lilikuwa madukani mwezi Agosti. Mwezi huo huo jarida moja la Australia lilichapisha mahojiano na Adut, ambamo alizungumza juu ya namna watu wanavyowatazama wakimbizi na watu weusi. Pembeni ya maneno yake, ukurasa mzima, waliweka picha kubwa ya mwanamitindo mwingine mweusi wakidhani ni yeye. Adut aliandika hadharani kwamba amekasirika, kwamba jambo hilo lisingemtokea mwanamitindo mzungu, na kwamba yule dada mwingine naye amekosewa heshima. Jarida likaomba radhi.